Donholm hadi Diani: Kilomita za Mwanzo na za Mwisho

Desemba inapokaribia, mtaa wetu wa Donholm, Eastlands ya Nairobi, hugawanyika makundi mawili. Wako wanaofunga mizigo kwenda mashambani, Murang'a, Machakos, Siaya, Kakamega, na wako wanaosema mwaka huu ni Mombasa, hata kama wanakokwenda hasa ni Diani, Watamu au Malindi. Hawa wa pili ndio wenye maswali mengi. Huulizana kwenye vibanda vya mboga, kwenye foleni ya kinyozi na kwenye vikundi vya WhatsApp vya ploti: Diani ni pesa ngapi? Hoteli gani ina nafuu? Nimekulia mtaa huu, na pwani nimeiendea kwa basi la usiku, kwa reli na kwa gari la jamaa. Majirani wanaponiuliza kuhusu hoteli huwaambia hilo ni swali jepesi. Familia ya Eastlands itafika baharini ikiwa na furaha, au itafika imechoka na imenuniana, kutegemea kilomita chache za mwanzo na kilomita chache za mwisho.

Jambo hili nililielewa vizuri nilipompeleka mama yangu. Mama alifundisha shule za msingi za Eastlands kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka alichora ramani ya Kenya ubaoni, akapaka samawati upande wa kulia, akaandika Bahari Hindi kwa herufi kubwa. Watoto aliowafundisha walikua, wakaenda pwani fungate na semina, wakamletea zawadi za korosho na achari. Yeye mwenyewe alistaafu bila kuiona bahari. Hakulalamika hata siku moja, na pengine ndiyo maana sisi watoto wake tulichelewa mno kulifikiria. Nilipomwambia nimekata tiketi mbili, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, miguu yangu itafika?"

Kwa hiyo safari nzima niliipanga kwa kipimo cha miguu yake. Nikaona mambo ambayo nilipokuwa nikisafiri peke yangu na begi la mgongoni nilikuwa nikiyaruka bila kuyatazama.

Nianze na kipande cha kati, kile kirefu, kwa kuwa ndicho rahisi. Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na tangu hapo safari ya Nairobi na Mombasa imekuwa ya saa tano au sita hivi, kutegemea kama umepanda ile ya moja kwa moja ama ile ya asubuhi inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Nauli ya daraja la pili ilianza kwa shilingi 700, ikapanda hadi 1,000, na tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500. Tiketi unaikata kwa simu yako, unabonyeza *639#, unalipa kwa M-Pesa, basi. Wikendi ndefu, Pasaka na Desemba viti huisha mapema sana, na anayengoja wiki ya mwisho huishia kwenye basi la usiku. Nilimchagulia mama treni ya saa mbili asubuhi, ile ya kusimamasimama, kwa sababu nilitaka aione nchi mchana.

Sasa rudi Donholm. Kituo cha Syokimau, inakoanzia treni hiyo, hakiko mbali nasi. Kiko nyuma ya uwanja wa ndege, na ndege zinazoshuka pale tunaziona tukiwa juu ya paa tukianika nguo. Hata hivyo, kukifikia alfajiri na mzigo kunataka akili. Donholm ina kituo chake cha reli, lakini kiko kwenye njia ya Embakasi. Treni ndogo inayowapeleka abiria wa Madaraka Express hupita njia nyingine, ikisimama Makadara na Imara Daima. Kwa hiyo mkazi wa Donholm mwenye reli mlangoni pake hana budi kwenda kuitafuta reli mtaa mwingine. Njia ya matatu ni kushuka na Outering hadi Taj (jumba lile la biashara lilibomolewa mwaka 2018, ila jina la steji limebaki), uendelee hadi Cabanas, kisha uunganishe Barabara ya Mombasa mpaka Syokimau. Ni steji mbili au tatu, kila moja na makanga wake na mvutano wake wa mizigo. Kijana atapita. Mwenye watoto wawili na sanduku, au mwenye mzazi wa magoti mabovu, ataita teksi, na teksi hiyo ya dakika chache itakula zaidi ya nusu ya nauli ya kwenda Mombasa.

Mimi niliita teksi, na sikuionea uchungu hela hiyo. Ukiwa na mzee, pesa ya mwanzo wa safari ni pesa ya amani. Tulitoka kabla ya jua kuchomoza, taa za Greenspan bado zinawaka, wauza chai wa steji wakiwa wamekwisha kuwasha makaa.

Pale Syokimau kuna ukaguzi ambao wengi hawaujui mpaka waukute. Abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari ulionyooka, husogea nyuma hatua kadhaa, na mbwa wa polisi hupitishwa akinusa begi baada ya begi. Kiondo cha mama kilikuwa kwenye mstari huo, baina ya sanduku jekundu la magurudumu na mfuko wa gunia. Mbwa alikipita, akageuka, akakirudia, akakinusa sana. Mama alisimama wima, mikono ameifumbata kifuani, kama aliyesimama mbele ya mkaguzi wa shule. Askari akatabasamu, akamwambia, "Usijali mama, anasikia harufu ya mafuta yako ya mgongo." Baada ya hapo ni mashine ya kupitisha mizigo, kitambulisho, kukaguliwa tiketi, ngazi, foleni. Ndiyo maana nawaambia majirani: kama treni ni saa mbili, wewe uwe getini saa moja kasoro. Na mwenye magoti mabovu aulizie lifti mapema, asianze kupanda ngazi kwa aibu.

Ndani ya treni, daraja la pili, viti vinatazamana, vitatu upande huu na viwili upande ule. Hutachagua jirani. Sisi tulitazamana na mama mmoja wa Makueni na wajukuu wake, na kabla ya Emali walikuwa wamekwisha kuwa jamaa. Mama yangu alikaa dirishani. Reli ya zamani iliyojengwa na Waingereza kuanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, inaonekana hapa na pale pembeni, nyembamba, imeota nyasi. Marehemu baba aliipanda akiwa kijana, akalala humo usiku kucha, na mama alikuwa akinionyesha kila tuta la reli hiyo na kusema, "Baba yako alipita pale." Baada ya Mtito Andei ikaja Tsavo. Reli mpya imeinuliwa juu ya matuta na madaraja ili wanyama wapite chini yake, kwa hiyo unaitazama mbuga kutoka juu. Tuliwaona tembo wakiwa wekundu kwa ule udongo wa Tsavo, na gari zima likahamia upande mmoja. Mama hakupiga picha. Alisema atawakumbuka.

Hapa kati, kama nilivyosema, mambo ni mepesi. Ugumu unarudi Miritini.

Stesheni ya zamani ya Mombasa iko kisiwani, mjini kabisa. Baba na wenzake walishuka pale, wakatembea kwa miguu mpaka walikokwenda. Stesheni mpya iko Miritini, bara, nje ya kisiwa, na tangu siku ya kwanza msafiri hushuka pale akiwa bado hajafika. Nje ya mlango unalakiwa na sauti nyingi kwa mpigo: teksi, matatu za mjini, gari za Malindi, gari za Diani. Bei ya kwanza ya teksi niliyotajiwa kwenda Diani ilizidi tiketi zetu mbili za treni. Mwaka huohuo wa 2017 treni yetu ilipozinduliwa, mwezi Desemba, Korea Kusini ilifungua reli ya kasi kutoka Seoul hadi Gangneung, mji wa ufuo ulio mashariki ya nchi, kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Pyeongchang mwezi Februari 2018. Kule msafiri huteremka mjini Gangneung kwenyewe baada ya saa mbili hivi, akapanda basi la mji kwenda ufuo wa Gyeongpo. Na kuna kituo chao kingine cha pwani hiyo, Jeongdongjin, ambako ukitoka behewani umekwisha kuiona bahari na mchanga wake. Nawataja Wakorea kwa sababu hesabu yao naiheshimu: walimfikiria msafiri mpaka hatua yake ya mwisho. Sisi tulijenga kilomita zaidi ya 470 kwa ufundi mkubwa, na bibi aliyetoka kijijini na kuku wake na mfuko wa mahindi tukamwachia mahali ambapo ilimbidi aanze kubishana bei.

Kutoka Miritini njia za Diani ni mbili. Ya kwanza ni Dongo Kundu, barabara inayozunguka kusini ya Mombasa, juu ya madaraja marefu ya Mwache na Mteza, ikaibukia Kwale bila kugusa kisiwa. Ilianza kupitika yote mwaka 2024, na kwa mwenye gari imebadilisha maisha. Foleni ya magari kwenye feri ya Likoni, ambayo msimu wa sikukuu iliwaweka watu saa nzima na zaidi juani, sasa mtu anaweza kuiacha kabisa. Kama una gari la kukodi, mna watoto na mmechoka, piteni Dongo Kundu, msijitese.

Ya pili ni ya wengi: matatu hadi feri, kuvuka kwa miguu, kisha matatu ya Ukunda. Nilimpa mama achague. Akasema, "Feri nimeisikia redioni maisha yangu yote. Nipeleke feri."

Feri ya Likoni haimtozi mtu wa miguu hata senti. Unaingia kwenye banda kubwa la kungojea pamoja na kila mtu wa Mombasa: wafanyakazi wa bandari, wanafunzi, akina mama wa mabuibui na mizigo kichwani, kijana na mkokoteni wa mikungu ya ndizi, mzee na baiskeli iliyofungwa mitungi ya maji. Geti likifunguliwa watu hutiririka kuteremka kwa kasi, na hapo ndipo mgeni huogopa. Siri ni kukaa pembeni, kumshika mkono mzee wako, na kuwaacha wenye haraka watangulie. Feri ina nafasi, na nyingine inakuja. Tulipofika chini, kijana mmoja tusiyemjua alimshika mama mkono wa pili bila kuulizwa, akasema, "Twende taratibu, mama, hapa chuma kinateleza." Alipotufikisha upande wa kukaa akapotea katika umati.

Mama alikuwa kimya wakati wa kuvuka. Halafu akaniuliza Mtongwe ni wapi. Nikamwonyesha, upande wa ndani wa mlango huohuo wa Kilindini. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu sana na nchi kavu, imejaa watu waliokuwa wakienda kazini Mombasa, na watu 272 wakafa. Mama alikuwa darasani siku ile, na mwalimu mwenzake, Mdigo, aliitwa ofisini kupokea simu akatoka analia. Hakuwahi kujua mwenzake alimpoteza nani, maana mwalimu huyo alihamishwa kabla ya kurudi. Juu ya feri yetu mama aliomba dua fupi kwa sauti ya chini. Mwanamke aliyeketi karibu naye, wa buibui, akaitikia "Amin" bila kuuliza anamwombea nani. Nimevuka Likoni mara nyingi nikiwa na shughuli zangu na simu mkononi, na leo nasema wazi kwamba kivuko kile hakistahili kuvukwa bila kuwakumbuka watu wale. Watu wa kusini ya Mombasa wameishi na maji haya kama barabara yao ya kila siku. Kila safari ya mtalii ni dakika chache tu zilizoazimwa kutoka katika maisha yao.

Ng'ambo ni rahisi. Matatu zinaita Ukunda, Msambweni, Lunga Lunga. Mpaka Ukunda ni kama kilomita thelathini: Ng'ombeni, Waa, Kombani panapochepuka njia ya Kwale, Tiwi, halafu minazi inazidi, na hewa inabadilika. Bahari huioni. Hili huwashangaza watu wa Nairobi. Wanakaa upande wa kushoto wa gari wakitarajia mawimbi, na wanaona mashamba, misikiti, maduka ya mbao na mikorosho. Ukunda ni mji wa watu wenye shughuli zao. Ufuo wa Diani uko kama kilomita tatu kutoka barabara kuu, na kati yako na maji kuna barabara nyingine, ile ya Diani, inayokwenda sambamba na ufuo, halafu kuta za hoteli na nyumba.

Tulishuka jioni. Nilikuwa tayari na sentensi yangu ya Nairobi, hadi kwenye nyumba tuliyokodi ni ngapi, na dereva wa tuktuk akanitangulia. Hakunisalimu mimi. Alimsalimu mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Poleni na safari. Mmetoka mbali?"

"Nairobi. Donholm."

"Aah, Donholm! Shangazi yangu yuko Umoja. Karibuni sana."

Waliulizana habari za mvua, za nyumbani, za huyo shangazi wa Umoja, na mimi nikiwa nimesimama na mizigo. Bei ilipokuja kutajwa ilikuwa ya haki, na kijana huyo ndiye aliyetupeleka kila mahali siku zote tulizokaa. Pwani haina kitabu cha nauli za tuktuk, kwa hiyo kila safari huanza na mazungumzo, na mazungumzo ya pwani yana mpangilio wake. Salamu kwanza, tena salamu kamili, halafu hali, halafu haja. Anayeruka hatua huonekana amekuja kununua watu. Nimeona wenzetu wa Nairobi wakitozwa mara mbili na kulalamika kwamba watu wa pwani ni wajanja, wakati hawakumwuliza mtu hata ameamkaje. Na kuna hesabu nyingine rahisi: panga nyumba upande wa Ukunda ama kwenye vichochoro baina ya Ukunda na ufuo, na matumizi yatapungua sana. Mahamri na mbaazi za asubuhi za akina mama wa Ukunda hazipatikani kwenye meza ya hoteli yoyote. Kwenye barabara ya Diani matatu na tuktuk za kuchangia zinapita, unasimamisha popote, unashuka popote.

Ukipita barabara hiyo tazama juu. Kuna ngazi za kamba zimetandazwa kutoka mti hadi mti juu ya lami. Hizo ni njia za mbega, wale wenye manyoya meupe mabegani, waliokuwa wakigongwa na magari kila walipovuka. Wahifadhi wa Diani waliwatundikia njia zao, na mbega wanazitumia. Mama alizipenda kuliko kitu chochote cha barabara ile.

Asubuhi ya pili dereva wetu alitushusha kwenye kichochoro kinachoelekea baharini, kati ya kuta mbili ndefu. Mwishoni alisimama mlinzi wa jumba moja, akatuambia njia hiyo ni ya wageni wa humo tu. Sikutaka kubishana mbele ya mama, nikaanza kugeuka. Nyuma yetu alikuwa anakuja mzee mvuvi na dema begani, ule mtego wa samaki uliosukwa kwa vijiti. Akamsalimu mlinzi kwa jina, akatugeukia. "Mama, nifuateni. Njia hii nimepita tangu sijaota ndevu." Mlinzi akasogea. Hakuna aliyepandisha sauti. Tulipita nyuma ya mzee yule, dema likikwaruza ukuta, na mchanga ukaanza, mweupe, laini.

Na bahari haikuwepo. Ilikuwa saa nne, mwezi mpevu, na maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, karibu na mwamba ambako mawimbi yalionekana kama mstari mweupe. Mbele yetu palikuwa na majani ya baharini, vidimbwi, na ngalawa zimelala ubavu. Mama akanitazama. Alikuwa ameingoja maisha yake yote na imemkimbia. Mwanamke wa Kidigo aliyekuwa akiuza leso na madafu chini ya mvinje akatucheka kwa upole. "Imekupwa. Siku za bamvua ni hivi. Saa nne asubuhi kavu, saa kumi jioni imejaa mpaka hapa nilipokaa. Ngojeni." Halafu akaeleza, na mama akamwuliza maswali kama mwanafunzi: kwamba mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama maji hukupwa sana na hujaa sana, kwamba katikati yake ni maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji juu, kwamba kila siku saa husogea mbele, karibu dakika hamsini. Mama alitoa kalamu kwenye kiondo, akaandika nyuma ya tiketi ya treni, akapiga hesabu. Leo saa nne, kesho saa tano kasorobo au zaidi kidogo, keshokutwa saa sita kasoro. Siku zote zilizobaki tulitoka nyumbani kwa ratiba hiyo ya mama, na haikutupoteza.

Katika mambo yote ya kutembea Diani, hili ndilo ningeweka juu. Maji yakikupwa unaweza kutembea mbali juu ya miamba, ila vaa viatu, maana kuna wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao mwiba wao huvunjikia ndani ya nyayo, na geuka kabla maji hayajaanza kurudi, kwa kuwa hurudi yakijaza mabonde nyuma yako kwanza. Yakijaa, mchanga wa kutembelea hubaki mwembamba au huisha, na aliyepanga kutembea ufuoni mpaka hoteli ya tatu hujikuta ukutani. Pepo nazo zina zamu zao: kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, bahari huwa tulivu na safi, kusi ikishika, kuanzia Aprili, mvua huja, mawimbi hukasirika na mwani hurundikana mchangani. Bei hushuka wakati huo. Ukijua unachokwenda kukikuta, hata kusi ina raha zake.

Jioni ile, saa kumi, bahari ilikuja. Mama alikaa chini na nguo zake, maji yakamfikia kiunoni, na hakutaka kuinuliwa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Tulikwenda kwingine pia. Msikiti wa Kongo, mdomoni mwa mto Mwachema, chini ya mibuyu mikubwa, ambao bado unaswaliwa. Mgeni huomba ruhusa na hujisitiri. Upande wa kusini, Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Huingii peke yako. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni na unaongozwa na mwenyeji, na hung'oi hata jani. Kwenye msitu ule nilifahamu vizuri zaidi yule mzee wa dema. Watu hawa walikuwa na njia zao hapa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuuza macheo.

Tangu turudi, majirani wa Donholm huja kwa mama kuuliza habari za Diani, si kwangu. Anayo ile tiketi yenye hesabu za maji, na huwaambia mambo kwa mpangilio: fika Syokimau mapema, pumzika Likoni, salimu kwanza, uliza mwezi. Mimi nina langu moja la kuongeza. Kila mwaka kuta za ufuoni huongezeka, na vichochoro vya kwenda majini ndivyo vinavyobaki kwa mtu asiyelipa hoteli. Serikali ya Kaunti ya Kwale ingeweka kibao kwenye kila kimoja, kiandikwe wazi kwamba ni njia ya umma, ingewasaidia wavuvi wake na wageni wake kwa gharama ndogo sana. Sheria ya mchanga wenyewe iko wazi tayari: Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010 inahesabu ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Nanyi mtakaoshuka Ukunda Desemba hii, waulizeni wenyeji njia zao za zamani za kwenda baharini, mzipite kwa adabu, na mzipite mara nyingi, ili asije mtu akasema hazina wapitaji.